Jua la Mombasa na Ndege Iliyoegeshwa

Ndege ikishatua na kuegeshwa, injini kubwa huzimwa, lakini mlio mkali husikika bado. Ni wa injini ndogo iliyofichwa ndani, ambayo kwa ndege nyingi za leo huwa mkiani, nayo huchoma mafuta ili taa ziwake na abiria wapate hewa baridi huku makuli wakipakua mizigo. Boeing 727, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ndiyo ndege ya abiria ya jeti iliyotangulia kuwa nayo. Waundaji wake walitaka iweze kwenda viwanja vidogo visivyo na jenereta. Mafuta yalikuwa ya bei nafuu, na hewa ukaa haikumsumbua mtu.

Pale chini nako dizeli ilitawala: trekta za mizigo, malori ya chakula, mabasi ya abiria, hata jenereta za kukokotwa. Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, stesheni kubwa za reli Ulaya na Marekani zilikuwa tayari na mikokoteni ya mizigo inayoendeshwa kwa betri. Kazi yenyewe inaifaa betri. Trekta la uwanjani huenda polepole, safari zake ni fupi, na hurudi palepale lilipoanzia. Tena uzito wa betri, ambao ni balaa kwa ndege inayotaka kupaa, ni faida kwa trekta: likiwa zito, magurudumu hushika lami na kuvuta vizuri.

Kichocheo kimoja cha kuleta umeme uwanjani kilikuwa moshi. Mwaka 2004 Marekani ilianzisha mpango wa VALE, unaofadhili magari na mitambo safi katika viwanja vilivyo kwenye maeneo yenye hewa chafu. Muongo mmoja baadaye, uwanja wa Seattle-Tacoma ulikuwa ukifunga mamia ya vituo vya kuchajia magari ya mizigo.

Kwetu historia hiyo ilifika Desemba 2018, pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, lilizindua mtambo wa sola wa kilowati 500, pamoja na vifaa vya kuipa ndege iliyoegeshwa umeme na hewa baridi. Douala, Kamerun, nako kulipata mradi wa aina hiyo. Si suala la kuchomeka waya tu. Umeme wa majumbani kwetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali ndege huhitaji mizunguko 400, hivyo lazima ubadilishwe kwanza. Baada ya hapo rubani anaweza kuzima ile injini ndogo. Wahusika walikadiria kwamba tani 1,300 za hewa ukaa zingeepukwa kila mwaka.

Ni kweli kwamba mafuta mengi ya ndege huchomwa angani, na huko bado hatuna dawa ya haraka. Ndiyo maana naona ni kosa kuacha yale ya ardhini, ambayo dawa yake inajulikana. Kenya inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa Olkaria, maporomoko ya maji na upepo wa Turkana. Gari likichajiwa kwa umeme huo, sehemu kubwa ya moshi haijahamishiwa kwenye bomba la kiwanda kingine. Tanzania nayo ina Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Mradi wa Mombasa ulishughulikia ndege iliyosimama. Magari yanayoizunguka ni hatua nyingine, nayo iko mikononi mwa mamlaka za viwanja na kampuni zinazohudumia ndege Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Kila trekta la dizeli linapochakaa, linunuliwe la betri.