Kabla ligi ifunge: 2027 nani atalinda nyumba?

Wasee, kila ligi ikikaribia kufunga ni stori moja tu: mastraika. Nani anauzwa, nani amefunga ngapi, nani anaenda Ulaya. Leo nataka tuongee kuhusu wale ambao hakuna mtu huwatengenezea video, mabeki wa kati. AFCON ya 2027 inakuja hapa kwetu, Uganda na Tanzania. Harambee Stars watacheza nyumbani mbele ya watu wao, na mimi nikiangalia pale nyuma, karibu na kipa, sipati usingizi.

Hapa Ndithini nimekua nikicheza kwa uwanja wa vumbi, na kila mtoto alitaka kuwa nambari kumi. Nyuma uliwekwa kama wewe ni mrefu ama kama hujui chenga. Mimi niliwekwa kwa sababu zote mbili. Nilidhani hiyo ni mambo ya kijijini tu, mpaka nikaanza kusoma historia ya timu ya taifa. Kumbe hata huko juu, beki wa kati tumekuwa tukimpata kwa bahati.

Si mara zote, lakini. Mjomba wangu akianza stori za 1987 hamalizi. Hiyo ilikuwa enzi ya redio, enzi ya sauti za kina Leonard Mambo Mbotela, na Gor Mahia walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Mandela dhidi ya Esperance ya Tunisia. Kapteni alikuwa beki, Austin Oduor, yule waliyemwita Makamu. Kulikuwa pia na Bobby Ogolla, na huyu jina lake la utani lilikuwa Six Million Dollar Man. Hebu fikiria beki akipewa jina kama hilo leo! Walitoka 2-2 kule Tunis, wakarudi Nairobi wakatoka 1-1, na kombe likabaki Kenya kwa magoli ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kushinda kombe la Afrika.

Sasa angalia hiyo 1-1 vizuri. Bao moja zaidi la Waarabu na kombe linapanda ndege. Hiyo mechi huwezi kuilinda na watu waliokutana Jumanne. Hao jamaa walikuwa wanacheza pamoja wikendi baada ya wikendi, mmoja akitoka, mwenzake anajua aingie wapi bila kuitwa.

Timu ya taifa yenyewe haikuwa malaika. AFCON ya 1988 kule Morocco tulifungwa 3-0 na Nigeria, 3-0 na Misri. Lakini pia tulitoka 0-0 na Cameroon, na hao Cameroon ndio waliondoka na kombe.

Baadaye akaja Musa Otieno. Huyu alijenga maisha yake Cape Town na Santos, zaidi ya miaka kumi klabu moja, mpaka ubingwa wa Afrika Kusini wa 2002 akauonja. AFCON ya 2004 Tunisia yeye ndiye alikuwa kapteni. Mali walitupiga 3-1, Senegal 3-0, kisha tukawapiga Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON. Watu hukumbuka yale mabao matatu. Mimi nakumbuka ile sufuri.

Halafu kuna Desemba 2017, hapa hapa kaunti yetu, uwanja wa Kenyatta mjini Machakos. Fainali ya CECAFA, Kenya na Zanzibar. Tuliongoza mara mbili, tukasawazishiwa mara mbili. 2-2, penalti, na Patrick Matasi akapangua tatu. Tulishangilia kama wazimu, na tulikuwa na haki. Ila kipa ndiye alituokoa kwa shida ambayo ilianzia mbele yake.

2019 ndiyo hunifanya niamini kweli tunaishi kwa bahati. Kambini Ufaransa, Brian Mandela akaumia goti siku chache kabla ya AFCON. Nguzo imeanguka. Akaingizwa kijana wa Kisumu ambaye wengi hawakumjua, Joseph Okumu, alikuwa anacheza daraja la chini Marekani. Kufika Misri, kijana akawa kama amezaliwa pale nyuma. Mwaka huo huo akaenda Elfsborg ya Sweden, kisha Gent ya Ubelgiji, kisha Reims ya Ufaransa. Beki wetu bora wa kizazi hiki tulimwona vizuri kwa sababu mwingine aliumia! Na bado tuliruhusu mabao saba kwa mechi tatu, kwa sababu mtu mmoja si ukuta.

Sasa 2025. CHAN ilikuwa ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, na wengi tulijua tutaaibika. Kikosi cha Benni McCarthy kikapiga DR Congo 1-0, kikatoka 1-1 na Angola, kikapiga Morocco 1-0 kikiwa na watu kumi, kikapiga Zambia 1-0. Mechi nne, bao moja tu limeingia. Robo fainali na Madagascar, hata bao letu lilifungwa na beki, Alphonce Omija. Tukatoka kwa penalti, na nililia, sifichi.

Wiki mbili baadaye, Kasarani ile ile, timu kamili yenye watu wa Ulaya ikafungwa 3-1 na Gambia. Oktoba tukala tatu kule Abidjan. Novemba, mechi ya kirafiki Uturuki, Senegal 8, Kenya 0. Nane, manze.

Msiniambie wale wa nyumbani ni wakali kuliko wa nje. Si hivyo. Wale wa CHAN walikaa kambini wiki kadhaa, na wikendi za kawaida wanapatana kwa ligi yetu, kwa hivyo mtu anajua mwenzake akibanwa atapiga mpira upande gani. Wale wengine wanatua JKIA, wanafanya mazoezi siku mbili tatu, wanaambiwa wamkabe Mane.

Kwa hivyo ombi langu kabla ligi ifunge ni dogo. Kocha achague wawili sasa hivi, si wanne wa kujaribu. Mimi ningemchukua Okumu akiwa mzima, nimweke na Collins Sichenje, ambaye alitoka AFC Leopards akaenda kupigana Ulaya bila kelele. Benchi nampa Omija, kwa sababu ya Agosti ile. Halafu hao wawili wacheze kila kirafiki pamoja mpaka 2027, hata wakifungwa. Najua wakifungwa mbili tu tutaanza kupiga kelele wabadilishwe, na mimi nitakuwa wa kwanza, kwa hivyo mnikumbushe hii post.

Haya, niandikie wawili wako hapo chini. Ukiniletea straika, sijibu.