Kipupwe cha Horurre, Serabit el-Khadim

Kusini-magharibi mwa rasi ya Sinai kuna mlima wa mawe uitwao Serabit el-Khadim. Wamisri wa kale walichimba feruzi huko kwa karne nyingi, na juu yake wakamjengea hekalu mungu wa kike Hathor, waliyemwita Bibi wa Feruzi. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alipolifukua hekalu hilo mwaka 1905, alikuta mawe marefu ya maandishi yaliyoachwa na misafara ya wachimbaji.

Mengi ni majigambo: jina la mfalme, cheo cha ofisa, sifa, basi. Jiwe la Horurre ni la namna nyingine. Mtunza hazina huyu alitumwa na Amenemhat III katika mwaka wa 6 wa utawala wake, karne ya 19 KK, akafika mlimani mwezi wa tatu wa Peret. Kwa kalenda, Peret ni kipupwe, majira ya mimea kuchipua. Horurre analalamika kwamba huo haukuwa wakati wa kuja machimboni: nchi inawaka, milima inababua ngozi, na feruzi yenye rangi nzuri ni shida kuipata kwenye joto. Tarehe yasema kipupwe, mwili wasema kiangazi, naye kayachonga yote mawili kwenye jiwe moja bila kuona ajabu.

Chanzo ni hesabu ya mwaka. Mwaka wa serikali ya Misri ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, pamoja na siku 5 za nyongeza. Mwaka wa jua una takriban robo siku zaidi, kwa hiyo kila miaka minne kalenda ilihama siku moja. (Wazee wa pwani wanaohesabu Nairuzi hawatashangaa, mwaka wao wa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 huhama vivyo hivyo.)

Mbingu Wamisri walizitazama, tena vizuri. Nyota ya Sopdet, yaani Sirius, hupotea machoni siku 70 hivi, kisha huonekana tena alfajiri. Kwao ilikuwa ishara ya mafuriko ya Nile. Kumbukumbu za hekalu la Illahun, za mwaka wa 7 unaohesabiwa kuwa wa Senusret III, baba yake Amenemhat, zinatangaza mapema kwamba nyota hiyo itachomoza siku ya 16 ya mwezi wa nne wa Peret. Ukipima kutoka hapo, Horurre alifika takriban Mei au Juni. Makuhani walijua, basi. Nadhani aliyepanga safari hakuwauliza.

Horurre aliwauliza wachimbaji. Wakamjibu kwamba feruzi haikosekani mlimani. Kazi ni rangi. Akakaza, akamaliza mwezi wa kwanza wa Shemu, majira yanayofuata Peret, akarudi na kikosi kizima. Maofisa watakaokuja majira kama hayo anawaasa wasikate tamaa, wamtegemee Hathor. Kuhusu kuirekebisha kalenda hasemi neno. Mwaka 238 KK makuhani waliokutana Canopus, Misri, waliamua iongezwe siku moja kila miaka minne, na hata hapo uamuzi haukushika.