Sanamu za Eropleni za Frog na Kalibu Zake

Mtu akitaka kujua sura ya eropleni ambayo haipo tena duniani, njia zake ni chache. Aweza kutazama picha, lakini picha huonyesha upande mmoja tu. Aweza kusoma habari zake, lakini baada ya kusoma bado hajui bawa lilivyoungana na kiwiliwili. Iliyobaki ni sanamu, yaani eropleni ndogo iliyopimwa sawasawa na ile kubwa, ambayo mtu huigeuza mkononi na kuitazama juu, chini na ubavuni. Huko Uingereza ilikuwako kampuni moja iliyouza sanamu za namna hii, na habari zake zafaa kusimuliwa, maana imekwisha kufa, na kazi ya mikono yake ingali ikitafutwa.

Mwaka 1931 Charles Wilmot na mwenziwe Joe Mansour walianzisha kampuni ya kuunda eropleni ndogo. Mwaka uliofuata wakatoa moja iliyoruka kweli, panka lake la mbele likizungushwa na ukanda wa mpira uliosokotwa. Wakaiita Frog, maana yake chura. Tena herufi hizo nne ndizo za mwanzo wa maneno manne ya Kiingereza yasemayo kwamba chombo hiki hupaa moja kwa moja kutoka chini. Hata mwaka 1936 wakaanza jambo jipya: sanamu zisizoruka, za plastiki, zilizotiwa sandukuni vipande vipande ili mnunuzi aviunge mwenyewe kwa gundi. Hizo wakaziita Penguin, kwa jina la yule ndege wa bahari za kusini asiyeweza kuruka. Waingereza hupenda mzaha wa namna hii. Watu wajuao historia ya kazi hii huzihesabu kuwa ndizo za kwanza za plastiki zilizouzwa hivyo duniani.

Kipimo chake kilikuwa sehemu moja katika 72. Basi inchi moja ya sanamu ni futi 6 za eropleni yenyewe, na rubani mrefu wa futi 6 akawa na kimo cha inchi moja tu. Lakini plastiki ya siku zile, iliyofanywa kwa selulosi, ilikuwa na ila yake: miaka ikipita husinyaa na kupinda. Ndiyo sababu Penguin iliyonyooka ni shida kuipata leo.

Kisha vita vikaja mwaka 1939, na mchezo ukageuka kuwa kazi. Mpiga mzinga hana nafasi ya kufikiri sana. Kwa kitambo kidogo yampasa kuamua kama eropleni ile inayokuja ni ya rafiki au ya adui. Sanamu ya kipimo hiki ikitazamwa kwa umbali wa yadi 10, huonekana kama eropleni kamili iliyo umbali wa yadi 720. Kwa hiyo kampuni ile ikaunda sanamu za kufundishia majeshi. Nako Marekani, mwaka 1942, jeshi la majini liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge sanamu 500,000 kwa mti, kwa kazi iyo hiyo. Hapo bawa lililokosewa upana halikuwa aibu ya fundi peke yake, maana lingeweza kumzoeza kijana kuwapiga wenzake.

Penguin zikakoma mwaka 1949. Mwaka 1955 kampuni ikaanza tena kuuza sanamu za kuunga, kwa jina la Frog na kwa plastiki nyingine isiyopinda, iitwayo polistirini.

Ili kuelewa mambo yaliyofuata, yafaa kujua kazi hii ifanywavyo. Kila mtu aliyefyatua matofali ajua kalibu. Kalibu ya sanamu ni ya chuma, nusu mbili zinazokutana, na plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani kwa nguvu. Plastiki ni rahisi. Kalibu ndiyo ghali sana. Kwa hiyo wenye kampuni hupenda kuchonga kalibu za eropleni zenye sifa, kama Spitfire, ambazo kila mtoto atazitaka. Frog nao waliichonga Spitfire, lakini hawakuishia hapo. Walichonga Martin Baltimore, Vultee Vengeance, Blackburn Shark, na nyingine ambazo watu wengi hawakupata kuzisikia. Walichonga pia Vickers Vimy, aina ile ambayo Alcock na Brown walivukia Atlantiki mwaka 1919. Watu wa Tabora wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Mwezi wa Februari 1920 Vimy nyingine, iliyotoka Uingereza kwenda Cape ikimchukua Dkt. Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, iliharibika Tabora ilipokuwa ikipaa, na safari yake ikaishia hapo, ingawa watu wote walisalimika. Ila ile ya Tabora ilikuwa na kiwiliwili kinene cha kuchukulia abiria, wala si kama hiyo ya Frog.

Je, zilikuwa nzuri? Kwa umbo, nyingi zilikuwa nzuri. Kwa mambo madogo, hapana: mahali pa rubani palikuwa patupu, pana kiti na mtu basi, na maungo mengine yalihitaji msasa mwingi. Sanamu za siku hizi zazishinda mbali kwa uchongaji. Lakini kwa miaka mingi mtu aliyetaka Vengeance ya plastiki ya kipimo kile hakuwa na nyingine, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kiti cha rubani.

Mwaka 1971 kampuni kubwa ya Lines Bros, iliyokuwa mwenye Frog, ilianguka, na mali ikapita kwa wengine. Mwaka 1976 Frog ikakoma. Kalibu nyingi zikapelekwa Urusi ya Kisovieti, na sanamu zikauzwa kwa jina la Novo. Lakini za eropleni za Ujerumani na Japani Wasovieti hawakuzitaka, zikachukuliwa na Revell. Mwaka 1980 wenye mali huko Uingereza nao wakaanguka. Kalibu zikabaki katika viwanda vya Kisovieti, sanamu zikitiwa katika mifuko, mara nyingi bila alama za kubandika. Kalibu ikichakaa, nusu zake hazikutani vizuri, na plastiki huvuja katikati ikaacha ukingo mwembamba kama ukucha. Hivyo sanamu moja yaweza kuwa njema katika sanduku la 1974 na kuwa taabu tupu katika mfuko wa miaka 15 baadaye, ingawa zimetoka katika chuma kimoja.

Kwa sababu hiyo wajuzi hutafuta sanduku la Frog lenyewe, lenye karatasi yake ya alama. Karatasi hiyo ikiwa imegeuka njano kwa uzee, huitia katika mfuko mwangavu, wakaubandika dirishani penye jua, na baada ya siku kadhaa unjano hupungua.