Disketi iliyoingiza kamera darasani

Wadau wa teknolojia, ile alama ndogo ya kuhifadhi faili mnayobofya kila siku wakati mmoja ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Inaitwa disketi. Leo nataka tuikumbuke kwa kazi moja ambayo wengi wameisahau: katika shule za Marekani, ndiyo iliyomwezesha mwanafunzi kuishika kamera ya dijitali na kuondoka na picha zake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1975, mhandisi wa Kodak, Steve Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Huo ulikuwa utafiti, haukuwa wa shule. Mwaka 1994 Apple wakatoa QuickTake 100 kwa dola 749. Ilibeba picha 8 tu za 640 kwa 480, na haikuwa na kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Picha moja ikiharibika huwezi kuifuta peke yake. Unafuta zote au unaziacha zote. Halafu kuzitoa kulihitaji waya na programu maalum. Hebu piga hesabu: watoto 30, waya mmoja, kompyuta moja yenye programu hiyo. Mwenye waya ni mwalimu, basi na mwenye picha ni mwalimu.

Mwaka 1997 Sony wakaja na Mavica FD5 na FD7. Kamera nzito, umbo kama tofali, na ubavuni ina mdomo wa kumeza disketi ya kawaida ya MB 1.44. Wajuzi wa picha waliicheka. Walimu waliipenda, na nadhani walimu ndio waliokuwa na macho.

Sisi wa kuandika programu tuiangalie kwa namba. Picha ya 640 kwa 480 yenye rangi kamili, baiti 3 kwa kila nukta, ni baiti 921,600. Disketi nzima ingebeba moja tu! Kilichookoa jahazi ni JPEG, kanuni ya kubana picha iliyokubaliwa mwaka 1992. Kwa kubana huko, disketi moja ilimeza picha kati ya 15 na 40 hivi, kulingana na ubora uliochagua. Na kila kompyuta ya shule ilikuwa na tundu la disketi. Hakuna waya, hakuna programu ya kusakinisha.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwa filamu ya picha 36, kila kosa la mtoto lilikuwa pesa, na kusafisha picha kulichukua siku. Sasa mtoto anapiga, anaona kwenye kioo, anafuta, anapiga tena. Anapiga mche wa maharagwe kila asubuhi na kuupanga kwa tarehe. Anapiga kivuli cha mlingoti wa bendera saa tatu, saa sita na saa tisa, kisha anaeleza kwa nini kimefupika. Anayejifunza kusoma anaandika sentensi chini ya picha yake mwenyewe. Na kila mmoja ana disketi yake yenye jina lake.

Lakini haikudumu. iMac ya 1998 ilitoka bila tundu la disketi, na picha zikawa kubwa mno kwa MB 1.44. Kadi za kumbukumbu zikachukua nafasi. Picha zilipendeza zaidi, ila kadi ilikuwa ghali, hivyo ilibaki ndani ya kamera, na kamera ikarudi kwenye kabati ya mwalimu.

Mwaka 2007 kompyuta ndogo ya XO, ya mradi wa One Laptop per Child, ilianza kutengenezwa kwa wingi, na Rwanda ni kati ya nchi za Afrika zilizopokea nyingi. Kamera yake? 640 kwa 480, ile ile ya Mavica ya miaka kumi nyuma. Tofauti ni kwamba safari hii kamera na hifadhi vilikuwa vya mtoto. Hata taa ya kamera iliunganishwa kwenye saketi yenyewe, ili programu isiweze kumpiga mtoto picha kwa siri.

Hapa Kenya, tangu mtaala wa CBC uanze mwaka 2019, kamera ya darasa mara nyingi ni simu ya mzazi. Mtoto anatengeneza kikapu, mama anapiga picha, picha inaruka WhatsApp hadi kwa mwalimu. Aliyekisuka kikapu hajagusa kitufe.