Ratiba kwa Wengine, Kibali kwa Garissa

Marekani na Ulaya wako watu wazima wanaokutana jioni kuendesha reli ndogo iliyojengwa juu ya meza, na kazi hiyo huifanya kwa makini kana kwamba wameajiriwa. Mmoja hushika ratiba na kutoa idhini ya njia. Wengine huwa madereva, na mwingine hukaa yadini akipanga mabehewa kwa kufuata karatasi za mizigo. Saa ya ukutani huharakishwa ili siku nzima ya kazi iishe katika muda wa jioni moja, na hakuna treni inayoondoka kwa kuwa tu dereva wake ametaka kuondoka. Frank Ellison wa New Orleans, aliyeandika juu ya uendeshaji huu mwaka 1944, aliufananisha na mchezo wa kuigiza: treni ndizo waigizaji, ratiba ndiyo hadithi. Kabla yake, mwaka 1912, kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire ilikuwa imejenga reli ya mezani katika stesheni ya Victoria, Manchester, kuwafundisha wafanyakazi wa ishara, kwa sababu ilijua kwamba uhai wa abiria unategemea utaratibu kuliko chuma. Maarifa hayo yanatufaa katika kusoma historia ya Kenya. Reli ni makubaliano kuhusu nani apite, lini, na kwa haki gani. Kwa kipimo hicho ndipo inapoeleweka historia ya usafiri wa Garissa na Kaskazini Mashariki, nchi ambayo treni haijafika mpaka leo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Ilikuwa njia moja, upana wake mita moja, na treni zilizotoka pande mbili zilikutana na kupishana stesheni tu. Kwa hiyo mkuu wa stesheni hakuweza kuiachia treni mpaka awasiliane na mwenzake wa mbele na kuhakikishiwa kwamba njia ni tupu. Waya wa simu ulikuwa na uzito sawa na taruma. Ulizaliwa hivyo mpangilio ambao mkulima wa Kiambu au mchuuzi wa Voi angeweza kuutegemea: nauli imeandikwa, saa imeandikwa, na aliyelipa mzigo wake ana madai juu ya shirika. Tusiupambe. Mabehewa yalibaguliwa kwa rangi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande shingoni. Hata hivyo ratiba ilitundikwa hadharani, na kitu kilichotundikwa hadharani kinaweza kulalamikiwa.

Kaskazini kulitungwa utaratibu mwingine kabisa. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliipa serikali uwezo wa kuifunga wilaya nzima, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa ndani yake, ikafungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, wala mwenyeji hakutoka kama alivyopenda. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikawaongezea maofisa nguvu za kuamua kabila lipi lichunge wapi, kukamata watu, na kutwaa mifugo ya jamii nzima kwa kosa la wachache. Ukizisoma sheria hizi sambamba na kanuni za reli utaona kwamba zote zinahusu jambo lile lile, yaani mwendo. Tofauti yake ni kwamba kanuni za reli huanza kwa kudhani kuwa kitu kitakwenda, kisha hupanga kiende salama. Sheria za wilaya zilizofungwa zilianza kwa kudhani kuwa kitu hakitakwenda, kisha zikamwachia ofisa mmoja aamue nani asamehewe.

Pingamizi la kwanza ni la jiografia: nchi ni kame, mbali, na Mto Tana hufurika. Halina uzito mkubwa. Reli ya Uganda ilikatiza jangwa la Taru, ambako maji ya wafanyakazi yalilazimika kuletwa kwa treni, kisha ikapanda Mau hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita 370 hivi kwa barabara, pungufu ya umbali wa Mombasa na Nairobi, na sehemu kubwa ya safari ni kushuka kuelekea tambarare. Mafuriko ni tatizo la kweli, kama ilivyoonekana mwaka 2023 na 2024 barabara ya Garissa ilipokatika karibu na Madogo na watu wakavushwa kwa mashua. Lakini daraja na tuta ni kazi ya mhandisi na ya bajeti. Tena bonde la Tana halikuwa pembeni tangu mwanzo. Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters aliingia bara kwa kulifuata, na mwaka 1891 Dundas, akitumwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliupanda mto kwa meli ya mvuke iliyoitwa Kenia. Kabla ya reli kuichagua Mombasa na Nairobi, wapo waliouona mto huu kuwa mlango wa kuingilia Kenya ya kati.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hapakuwa na mizigo, na treni isiyo na mizigo ni hasara. Hoja hii ingekuwa sawa kama mizigo ingekuwapo kwanza, reli ikaja baadaye. Haikuwa hivyo. Mwaka 1896 Reli ya Uganda nayo haikuwa na mizigo ya maana. Ilijengwa kwa hofu ya Waingereza kupoteza Ziwa Victoria na chanzo cha Nili, na wabunge waliopinga gharama yake huko London walilisema hilo waziwazi. Ilipokamilika, Kamishna Charles Eliot aliwaita walowezi wa Kizungu wachukue ardhi ya nyanda za juu ili walime mazao ya kuilisha reli. Mizigo, kwa hiyo, ilitengenezwa kwa siasa, na wenyeji ndio waliolipa kwa ardhi yao. Upande wa kaskazini mzigo ulikuwapo tayari, tena unajitembeza wenyewe: ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo wa Wasomali, Waorma na jirani zao. Badala ya kuutafutia njia, serikali iliuwekea karantini. Magonjwa yalikuwapo kweli, sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe hazikuwa hadithi. Lakini karantini ya miaka mingi, ambayo pia iliwakinga wafugaji walowezi na ushindani, ilivuka mipaka ya tiba ya mifugo ikawa sera ya soko. Reli za matawi zilifika Thika mwaka 1913 na Nanyuki mwaka 1930, zikaishia penye mashamba. Mpaka leo soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, bila behewa hata moja. Anayesema mizigo haikuwapo hana budi kueleza soko hilo lilitoka wapi.

Yapo pia mawazo kwamba mfugaji hahitaji reli, kwa kuwa maisha yake ni kuhama na reli haihami. Hapa nakubali nusu. Ngamia alijua visima ambavyo hakuna ramani ya kikoloni iliyovijua, na baadaye lori lilifika bulla, yaani vitongoji vya wenyeji, na malisho ambako treni isingefika kamwe. Tuta la reli lisilo na vivuko lingeweza kuigawa njia ya mifugo kwenda mtoni, na kwa mfugaji wa Garissa wakati wa kiangazi Tana ni uhai wenyewe. Lakini lori halikupewa uhuru wa kwenda. Lilipewa kituo cha ukaguzi. Uhuru wa Kenya ulipofika mwaka 1963, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki mwaka huo huo, vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya, vikaanza, na ingawa vilikwisha mwaka 1967, hali ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kadi za ziada za kuthibitisha uraia wao. Mwaka 2014 abiria wa basi lililotoka Mandera waliuawa na magaidi, na misafara ya kusindikizwa na polisi ikawa sehemu ya safari za mpakani. Ulinzi huo una sababu ambayo hakuna mwenye akili atakayeikana. Lakini abiria anayesubiri msafara hajui ataondoka saa ngapi, hana tangazo la kusoma ukutani, na akichelewa hana wa kumdai.

Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ndio uliougeuza urithi huo wa kikoloni kuwa hesabu ya taifa huru. Ulielekeza fedha za maendeleo mahali zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, na huduma za usafiri ambazo tayari zipo. Angalia mzunguko wake: mahali paliponyimwa usafiri kwa sheria pananyimwa tena fedha kwa sababu hapana usafiri. Wachumi wa wakati ule walikuwa na nchi changa na mkoba mdogo, nao hawakuwa watu wabaya. Walikosea kwa kuichukulia ramani ya reli kana kwamba ni ramani ya uwezo wa ardhi na watu wake.

Mwezi Machi 2012 mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli, ulizinduliwa Lamu mbele ya marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, na katika michoro yake reli inatoka Lamu, inapita Garissa, inaelekea Isiolo na kuendelea mpaka Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Reli bado imo karatasini. Kwa hiyo wakati wa kudai ni sasa, kabla ujenzi haujaanza. Madiwani na wabunge wa Garissa wasiridhike kuuliza kilomita ngapi zitajengwa. Waulize stesheni ya kupakia mifugo itakuwa wapi, nauli ya ng'ombe mmoja hadi Nairobi na hadi bandarini ni kiasi gani, vivuko vya wafugaji kwenda mtoni vitakuwa vingapi, na kama abiria aliyekata tiketi Garissa atakaguliwa mara moja tu kama abiria wa Mombasa au atateremshwa kila kituo cha ukaguzi. Majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba, kwa sababu reli itakayofika Garissa na kuviacha vibali vilivyo haitakuwa imefika.