Oksaidi ya Nitriki na Jeraha la Moyo Uliorudishiwa Damu

Oksaidi ya nitriki, gesi ambayo molekuli yake ina atomi moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni, ilitumika kutibu moyo muda mrefu kabla haijajulikana kwamba mwili wenyewe huitengeneza. Nitrogliserini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mjini Turin na Ascanio Sobrero mwaka 1847, ndiyo hiyohiyo ambayo Alfred Nobel aliitumia kutengeneza baruti, na mwaka 1879 daktari William Murrell wa London aliieleza kuwa dawa ya anjaina, yaani maumivu ya kifua ya mtu ambaye misuli ya moyo wake haipati damu ya kutosha. Kwa karibu karne nzima madaktari waliitoa bila kujua inavyofanya kazi, mpaka Ferid Murad alipoonyesha mwaka 1977, nchini Marekani, kwamba dawa za aina hiyo hutoa oksaidi ya nitriki, nayo ndiyo inayolegeza mishipa.

Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Brooklyn, kwa kuchunguza vipande vya aota ya sungura, alithibitisha kwamba mshipa hulegea kwa kemikali iitwayo asetilikolini iwapo tu endothelia, yaani utando mwembamba wa seli uliotanda ndani ya mshipa, haijakwaruzwa. Hivyo utando huo ulitoa kitu cha kuulegeza mshipa, nacho kilitambuliwa mwaka 1987 kuwa ni oksaidi ya nitriki, na waliokitambua ni kundi la Salvador Moncada nchini Uingereza na lile la Louis Ignarro huko Los Angeles. Furchgott, Ignarro na Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Moncada aliachwa, na wanasayansi waliolalamikia jambo hilo walikuwa na haki.

Tatizo la moyo kujeruhiwa baada ya kurudishiwa damu lilikuwa na historia yake yenyewe. Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake walifunga kwa muda ateri ya moyo wa mbwa kisha wakaifungua, wakaona kwamba uharibifu wa misuli ulijitokeza upesi kuliko pale ateri ilipobaki imefungwa. Jambo hilo lilipata uzito katika miaka ya 1980, kwa sababu dawa za kuyeyusha donge la damu, kama streptokinasi iliyojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa nchini Italia na matokeo yake kutangazwa mwaka 1986, zilipunguza vifo kwa kuufungua mshipa ulioziba. Damu lazima irudi, la sivyo misuli hufa. Lakini kurudi kwake nako huleta jeraha.

Ni mwaka 1990 ambapo historia hizi mbili zilikutana, pale Joseph Beckman na wenzake walipoeleza kwamba oksijeni inaporejea kwa wingi huzalisha superoksaidi, ambayo ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza na hivyo kuwa na pupa ya kuungana na nyingine. Nayo ikikutana na oksaidi ya nitriki huzaa peroksinitriti, sumu inayoharibu mafuta ya tando za seli na protini zake. Mwaka 1996 watafiti Wang na Zweier waliipima sumu hiyo katika moyo wa panya uliorudishiwa damu. Watafiti wengine, hata hivyo, walionyesha kwamba kiasi kidogo cha oksaidi ya nitriki hiyohiyo hupanua mishipa na kuzuia chembe nyeupe za damu zisinate kwenye endothelia. Mabishano yaliyofuata, kama gesi hii huponya au huua, yalichukua miaka mingi mno, ilhali jibu lilitegemea kiasi chake, wakati inapotolewa na wingi wa superoksaidi inayoikuta.

Hata ufahamu huo haukuzaa tiba upesi. Jaribio la NIAMI, lililochapishwa mwaka 2014, liliwapa wagonjwa wa shambulio la moyo nitriti ya sodiamu, ambayo hugeuka kuwa oksaidi ya nitriki, muda mfupi kabla ya mshipa kufunguliwa, lakini ukubwa wa jeraha haukupungua. Kinga iliyothibitika zaidi ya misuli ya moyo bado ni kuufungua mshipa mapema.