Ngoma na Ingoma: Jinsi Mapigo ya Burundi Yalivyoingia Mitamboni Bila Jina

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Bujumbura hukutana mapema na neno moja lionekanalo rahisi, nalo ni ngoma. Kwetu sisi ngoma ni ala ipigwayo, na pia ni mchezo wenyewe pamoja na watu waliokusanyika kuucheza. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kirundi huijua ingoma kama ala hiyo hiyo, lakini masikioni mwake neno hilo hubeba maana nyingine iliyo nzito zaidi: ingoma ni ufalme, ni enzi ya mwami. Mwami alipotawala, ingoma ilikuwa yake. Na ngoma zilipolia, aliyesema alikuwa ni utawala wenyewe. Maneno haya mawili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, ila kila mmoja amelelewa katika nyumba yake. Tumeona vema kuanzia hapa, kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza ni historia ya sauti iliyotoka nyumbani kwao na kwenda nchi za mbali, ambako watu waliisikia ala bila kuusikia ufalme.

Siku hizi muziki unaochanganya okestra ya klasiki na mapigo ya mitambo ya umeme husikika kila mahali, katika sinema, katika redio na katika kumbi za dansi. Wengi hudhani kwamba mchanganyiko huo ni mali ya Ulaya na Marekani tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumeupokea tu. Historia haisemi hivyo. Miongoni mwa mapigo ya kwanza kabisa kukatwa kutoka katika utepe wa sauti na kuwekwa ndani ya wimbo wa kisasa ni mapigo ya ngoma za Burundi.

Yafaa kwanza tujiulize: je, ngoma hizo zastahili kuitwa muziki wa klasiki? Tukiuchunguza muziki wa Ulaya uitwao kwa jina hilo, twaona kwamba kwa sehemu kubwa ulilelewa katika majumba ya wafalme na makanisani, ukapigwa na watu waliofunzwa kazi hiyo, kwa mpango ambao kila ala ina nafasi yake. Ingoma ya Burundi ina sifa hizo. Ngoma huchongwa katika mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, ambao sisi huuita mringaringa, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Wapigaji hujipanga nusu duara, na kwa desturi idadi ya ngoma huwa witiri. Katikati husimama inkiranya, iongozayo wenzake. Ziko amashako, ambazo hushikilia pigo moja bila kukatika. Na ziko ibishikizo, zifuatazo kile inkiranya inachoamuru. Wapigaji hupokezana: mmoja hutoka mstarini, hucheza na kuruka mbele ya inkiranya, huipiga kwa zamu yake, kisha humwachia mwenzake. Kazi hii ilirithiwa katika koo maalumu, kama zile za Gishora karibu na Gitega, mahali panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Basi iwapo hii si okestra, hatujui okestra ni kitu gani.

Juu ya ngoma zote ilikuwapo moja takatifu, Karyenda. Hiyo haikupigwa kwa furaha ya kawaida. Ilitolewa nje katika umuganuro, sikukuu ya mbegu za mtama, mwami alipobariki mwaka wa kilimo. Na tukumbuke jambo ambalo tutalirejea baadaye: Karyenda ilitengewa mwanamke wa kuitunza, naye akaitwa Mukakaryenda.

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikiwa bado ni ufalme, ngoma hiyo ilichorwa katikati ya bendera pamoja na mmea wa mtama. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri. Ngoma ikafutwa katika bendera, ukabaki mtama peke yake. Na mwaka 1967 mtama nao ukatoa nafasi kwa nyota tatu zilizopo hadi leo. Kwa maana ya Kirundi, ingoma ilikuwa imekwisha. Lakini ngoma zilibaki, na mikono ya kuzipiga ilibaki.

Katika mwaka huo huo wa 1967 sauti ya wapigaji wa Burundi ilinaswa katika utepe na Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle. Rekodi hizo zilitolewa katika santuri mwaka 1968 na Ocora, shirika lililotokana na huduma ya redio ya Ufaransa kwa nchi ilizozitawala. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mtu aliyeiongoza huduma hiyo katika miaka ya 1950 alikuwa Pierre Schaeffer, fundi wa redio ambaye mwaka 1948 alichukua sauti za garimoshi, akazikata, akazirudiarudia na kuziunga hadi zikawa muziki. Kazi yake ni miongoni mwa misingi ya muziki wote wa elektroniki. Kwa hiyo nyumba iliyofundisha dunia kukata na kuunga sauti, na nyumba iliyoihifadhi sauti ya ingoma, zilikuwa na mlango mmoja.

Santuri ya Ocora ilikusudiwa kwa wataalamu na wapenzi wa muziki wa mataifa. Haikukaa kwao tu. Mwaka 1971 mpiga kinanda aliyetumia jina la Mike Steiphenson aliichukua sauti ya ngoma hizo, akaongeza juu yake kinanda na ala nyingine za kisasa, akaitoa kwa jina la "Burundi Black". Santuri hiyo ilinunuliwa sana Ulaya. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alizitumia rekodi za Burundi katika wimbo "The Jungle Line". Kipande cha utepe kilifanywa kizunguke na kujirudia tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake pakawekwa gitaa na kinanda cha elektroniki kiitwacho Moog. Ufundi huo wa kukirudisha kipande cha sauti ya zamani ndani ya wimbo mpya umekuwa leo kama mkate wa kila siku kwa watengenezaji wa muziki. Wakati ule ulikuwa mgeni kabisa.

Baada ya hapo mapigo yalienea. Mwaka 1980 kikundi cha Uingereza, Adam and the Ants, kilitoa "Kings of the Wild Frontier", kikiwa na wapigaji ngoma wawili badala ya mmoja ili kuufikia mtindo huo. Na Bow Wow Wow wakafuata njia hiyo hiyo. Magazeti ya muziki yakazungumza juu ya "pigo la Burundi" kana kwamba ni mtindo wa nguo. Mwaka 1981 "Burundi Black" yenyewe ilitengenezwa upya kwa ajili ya kumbi za disko.

Sasa tupime faida na hasara, kwa haki. Hatusemi kwamba kuchanganya ni kosa. Kiswahili chenyewe ni shahidi kwamba lugha, kama muziki, hukua kwa kupokea. Tunachouliza ni masharti ya kupokea huko. Katika santuri ya mwaka 1971 jina lililouzwa lilikuwa la mpiga kinanda na la nchi. Wapigaji wenyewe hawakutajwa. Mwaka 1981 mwandishi Robert Palmer wa gazeti la The New York Times aliandika juu ya mtindo huo na kugusa jambo hilo la faida isiyowafikia wapigaji. Na hata pale nchi ilipotajwa, ilitajwa vibaya. Katika santuri ya Joni Mitchell ngoma hizo ziliitwa za kivita, ilhali zilikuwa ngoma za enzi na za baraka ya mbegu. Tena wimbo ukapewa jina la msituni, wakati ala hizo zililelewa katika baraza la mwami. Kosa la namna hii si la nia mbaya. Ni kosa la mtu aliyelipokea neno bila maana yake, nasi walimu wa lugha twalijua vizuri, maana twalisahihisha katika madaftari kila wiki.

Kuna hasara nyingine iliyo ndani ya muziki wenyewe. Tumesema kwamba wapigaji wa ingoma hupokezana. Mmoja hupiga inkiranya kwa ukali, mwingine kwa mzaha, na ibishikizo hubadilika kumfuata kila mmoja. Utepe unaozunguka hauwezi kupokezana. Huchukua dakika ya mtu mmoja, siku moja, ukairudia mara mia bila kuchoka na bila kujibu. Hivyo mtambo ulilinasa pigo, ukayaacha mazungumzo kati ya wapigaji. Na kwa Mrundi mazungumzo hayo ndiyo ngoma.

Hata hivyo mlango uliofunguliwa kwa njia isiyo sawa ulipitiwa baadaye na wenyewe. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walisimama kwa miguu yao katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, mbele ya vijana ambao wengi wao walikuwa wameyajua mapigo hayo kwa kupitia nyimbo za Waingereza. Katika miaka ya 1990 ikatolewa pia santuri iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika studio za Real World, ikiwa na jina lao wapigaji wa Burundi. Safari hii hapakuwa na kinanda juu yao.

Njia ya pili ilionyeshwa na binti wa Bujumbura. Khadja Nin alizaliwa katika mji huo mwaka 1959, akaondoka ujanani, na tangu mwaka 1980 akawa Ubelgiji. Huko alifanya kazi na mpiga gitaa Nicolas Fiszman, na katika miaka ya 1990 akatoa mfululizo wa santuri, miongoni mwao "Ya Pili" mwaka 1994 na "Sambolera" mwaka 1996. Studio ilikuwa ya Ulaya, na vinanda vya elektroniki vilikuwamo. Lakini lugha aliyoichagua kwa nyimbo zake nyingi ilikuwa Kiswahili, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kwa wakazi wa Bujumbura jambo hilo si ajabu, maana Kiswahili ni lugha ya mji wao, na mitaa kama Buyenzi yajulikana kwacho tangu wakati wa ukoloni. Kwa wasikilizaji wa Paris na Brussels ilikuwa habari mpya. Wimbo wake "Sina Mali, Sina Deni" ulitokana na wimbo "Free" wa Stevie Wonder, na asili hiyo haikufichwa. Hapo tunauona mkopo uliofanywa kwa uwazi: mwenye mali ametajwa, na mkopaji naye amesimama kwa jina lake na kwa lugha yake. Tofauti kati ya mwaka 1971 na mwaka 1996 si ya mitambo. Ni ya nani aliyeshika usukani.

Swali la mwenye ngoma halikuishia ng'ambo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya Rais Pierre Nkurunziza iliviwekea vikundi masharti: vijiandikishe, vilipe faranga 500,000 kwa onyesho lililo nje ya sherehe za serikali, na wanawake wasipige ngoma hizo. Wapo waliosema kwamba ni haki ya taifa kuulinda urithi wake baada ya kuporwa muda mrefu. Wapo waliouliza kama kumlipisha mpigaji ni kumlinda. Sisi twakumbusha tu kwamba ngoma iliyokuwa takatifu kuliko zote iliwekwa mikononi mwa mwanamke. Kutunza si kupiga, twakubali; lakini anayetaka kuzungumza kwa jina la jadi yampasa aitaje jadi nzima.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo huja darasani mara nyingi, nasi huieleza kwa haraka na kupita. Historia ya ingoma yaipa uzito mwingine. Wapigaji wa mwaka 1967 walicheza kwao, na sauti yao ikaenda kutunza wengine. Basi tukifundisha neno ngoma, hasa katika Burundi ambako Kiswahili kilipewa nafasi katika shule za msingi katika miaka ya 2000, tusiishie kwenye ala na mchezo. Tumwache mwanafunzi wa Kirundi atuambie ingoma ni nini, naye mwenzake wa pwani aeleze ngoma ni nini. Kisha tuwachezee santuri ya Ocora kwanza, na ile ya 1971 baadaye, tuwaulize: nani anasikika hapa, na nani ametajwa? Watakaoweza kulijibu swali hilo watakuwa wamejifunza lugha na historia kwa somo moja.